Maji ya Kumwosha Mama

Mama alikuwa na ombi moja tu: akifa, aoshwe kwa maji ya ua la kwao. Ndivyo alivyomwosha mama yake huko milimani, juu ya Moba, na hakuona kwa nini yeye aoshwe kwa sabuni kama sahani.

Ua lenyewe ni dogo, la zambarau, ndugu wa lumbalumba, kile kivumbasi tunachokipanda nyuma ya jiko. Shina lake lina pembe nne. Ukilisokota vidoleni unazihisi. Hapa Kalemie nililijua mahali pamoja tu, kwenye mteremko wa mawe nyuma ya mtaa wetu. Kwingine mashamba ya muhogo na matanuru ya matofali yalishalimaliza. Mama ndiye aliyeligundua, miguu yake ilipokuwa bado inapanda. Aliketi chini, akalinusa, akalia. Mimi nikamcheka.

Miguu ilipokataa, kulilinda kukawa kazi yangu. Kila kiangazi wawindaji wa panya huchoma mlima ule, na mimi, mjuaji wa mjini, nikawatangulia. Nilifyeka majani kuzunguka pale, nikaacha ukanda wa udongo mtupu, nikasimama na tawi bichi mkononi nikizima cheche. Nilitukana watu wazima. Nilijiona shujaa, sitaficha.

Mwaka wa kwanza halikuchanua. Nikasema limechoka. Mwaka wa pili nyasi zilinifika kifuani, na chini yake sikuona kitu. Kila niliporudi Mama aliuliza, nami nikajibu, "Bado, Mama." Mwaka wa tatu hakuinuka tena kitandani. Ndipo akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kufikiri kwamba linahitaji kuulizwa.

"Moto ilipita kule?"

"Hapana, Mama. Nililinda muzuri. Haikugusa hata kidogo."



"Ile maua njo ya moto, mutoto yangu. Majani ikiungua, njo inatoka. Kule kwetu sisi batoto njo tulikuwa tunawasha."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aligeukia ukutani, akaomba maji ya kunywa.

Asubuhi iliyofuata nilipanda na kiberiti, nikachoma mteremko mzima. Kisha kila siku nikawa napanda kuchungulia majivu. Nilifukua mzizi mmoja kwa kisu. Ulivunjika mkavu kama ukuni. Majuto ni mjukuu, husema watu. Wangu amekuja kabla sijapata hata mkwe. Mama aliniomba kitu kimoja maishani, nikamnyima kwa mikono yangu, tena kwa mapenzi. Sijui nimwombe nani msamaha.

Mvua ya kwanza ilileta nyasi tu. Ya pili ilikuta Mama amekufa.

Wanawake wa kanisa walileta beseni na kipande cha sabuni ya kufulia. Mmoja akauliza kama kuna kitu cha kutia majini.

Nikasema hakuna. Nikamwosha mama yangu kwa sabuni, na povu lilikuwa jingi.