Bei ya Miaka ya Khwezi

Wanaosema MaTolo ananuka hawamsingizii. Kazi yake ni kuchoma vichwa vya kondoo pale stendi ya teksi. Anaweka nondo motoni mpaka inaiva nyekundu, anaipitisha kwenye manyoya, anakwangua, anapasua kwa shoka, anachemsha kwa chumvi. Moshi ule hautoki kwa sabuni. Jina lake ni Nosakhele. MaTolo ni la ukoo wa baba yake, na ndivyo tunavyomwita hapa kilimani. Mimi ni jirani yake tangu tulipoolewa, yeye nyumba ya juu, mimi ya chini. Nimemwona akichokoa jicho la kondoo kwa kidole huku anacheka na wateja. Si mtu wa kuona kinyaa. Kinyaa walimfundisha hospitalini.

Alikwenda kujifungua Jumamosi asubuhi katika hospitali yetu ya wilaya. Manesi wakampima, wakasema njia bado haijafunguka. Mchana akawaambia mtoto amepunguza kucheza, tumbo limekuwa kama jiwe.

"Wewe mama unapenda kudeka," nesi mmoja mnene akamjibu. "Lala hapo. Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba mbona hukupiga kelele?"

Mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto ilikuwa pale pale ukutani, waya wake umefungwa fundo. Daktari wa zamu alikuwa upande wa pili wa mji, kwenye zahanati yake mwenyewe, anatibu wenye kulipa. Alipofika, jua lilishazama. Mtoto alitoka wa buluu, hakulia. Wakamsugua, wakamvuta makamasi kwa mpira, mwisho akavuta pumzi. Nesi yule yule akamweka kifuani kwa mama yake, akasema, "Haya, si huyu hapa? Makelele yote yale ya nini?"

MaTolo akamwita Khwezi, nyota ya alfajiri. Watoto wenzake walipoanza kukaa, Khwezi alikuwa bado anaanguka kama nguo iliyolowa. Kula kwake ni kukabwa, kulala kwake ni kukakamaa. Daktari wa mji mkubwa akasema ni mtindio wa ubongo, kwamba ubongo ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kwamba ungeweza kabisa kuzuilika. Alilisema hilo huku anaangalia simu yake.

Mzoli, mumewe, akasema ukoo wao haujawahi kuzaa kitu kama hicho. Akaenda migodini Rustenburg, na simu yake ikafa njiani.

Siku moja akaja kijana wa viatu vya kung'aa mpaka nyumbani kwa MaTolo, mkononi nepi na mkate. Akasema anatoka kwa mawakili, atie sahihi tu, serikali italipa fidia.

"Jina la mwanangu umelijuaje?" MaTolo akamwuliza.

"Mama, sisi tuna watu wetu ndani ya hospitali."

"Nani?"

Kijana akacheka, akaona ni jambo la kujivunia. Akamtaja nesi yule mnene. Analipwa kwa kila jina la mtoto aliyeharibika. Wengine aliwaharibu kwa mikono yake mwenyewe, halafu akawauza. MaTolo aliingia ndani, akatoka na nondo, na ingawa haikuwa na moto, kijana aliacha mkate na kiatu kimoja.

Lakini lile neno fidia lilimkaa MaTolo moyoni. Akaenda mwenyewe ofisi ya msaada wa kisheria, akapewa wakili mdogo wa umri, Phakama Sontshi, binti mkavu asiyejua kubembeleza. Phakama akamwambia, "Mama, nitakupigania. Ila nakuonya, watakutia uchafu mpaka masikioni."

Kwanza serikali ilisema faili limepotea. Halafu ikasema MaTolo alikunywa dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu. Halafu, baada ya miaka ya kuahirisha, Khwezi akiwa mzito wa kubebwa mgongoni kwa taabu, ikakubali kosa. Sisi tukapiga vigelegele. Tulidhani yamekwisha.

Kumbe bei ilikuwa haijapangwa. Nilikuwepo mahakamani, Khwezi nimempakata mimi. Wakili wa serikali, bwana mmoja wa sauti laini, alimsimamisha daktari wake, na daktari akaeleza kwamba watoto wa aina hii hawaishi sana. Huyu asiyeweza kushika kichwa, mapafu yatamwua mapema. Kwa hiyo fidia ya matunzo ihesabiwe kwa miaka michache. Phakama naye akasimamisha daktari wetu, na huyo akasema hapana, akitunzwa vizuri ataongeza kadhaa. Wa kwanza akarudi, akapunguza. Wa pili akaongeza. Mnada kabisa, ule wa ng'ombe, isipokuwa ng'ombe anakuwa amefungwa nje na huyu yuko mapajani mwangu, anacheka na taa ya darini.

MaTolo alitoka mbio. Nilimkuta kwenye maua ya mahakama anatapika.

"Jirani," akaniambia anajifuta kwa ncha ya kilemba, "umewasikia? Wanabishana mwanangu atakufa lini. Na mimi inabidi niombe wa kwetu ashinde."

"Ndivyo sheria yao ilivyo, MaTolo."

"Basi sheria yao inanuka."

Aliporudi ndani, bwana wa sauti laini alikuwa na jipya. Serikali haina haja ya kutoa pesa ya matibabu, alisema. Itamtibu mtoto yenyewe, bure, maisha yake yote, katika hospitali ile ile. Mkuu wa hospitali, Bwana Gqirhana, akaapa kwamba wana mtaalamu wa mazoezi ya viungo, viti vya magurudumu, na bwawa la maji ya moto la kunyooshea watoto. Kisha wakili akamgeukia MaTolo.

"Mama, tuwe wakweli. Unataka mtoto atibiwe, au unataka pesa?"

"Mwanangu," MaTolo akamwambia, "mkwe wako akikuunguzia nyumba, utakubali akupe fidia ya kulala kwake?"

Watu wakacheka. Jaji, mama wa makamo mwenye miwani mizito, hakucheka. MaTolo akamwelekea. "Mheshimiwa, mimi hilo bwawa sijawahi kuliona, na nimepeleka mtoto pale miaka yote. Twendeni tukalione. Kama lipo, nitanyamaza."

Gqirhana akasema si lazima, mahakama ina kazi nyingi. Jaji akamtazama kidogo, kisha akapanga siku.

Siku hiyo hospitali ilinuka rangi mbichi mpaka getini. Chumba cha mazoezi kilikuwa na mikeka mipya na kiti cha magurudumu bado kiko ndani ya nailoni. Dada mmoja mwenye koti jeupe alisimama pembeni kama aliyepigiliwa msumari.

"Mweke mtoto kitini," jaji akamwambia.

Kilikuwa cha mtu mzima. Khwezi aliteleza mpaka kidevu kikagonga mkanda, na dada yule hakujua amshike wapi. Akamshika mguu.

"Wewe ni mtaalamu wa viungo?" jaji akauliza.

Dada akamtazama Gqirhana, akatazama sakafu, akaanza kulia. "Mimi ni wa kitengo cha meno, Mheshimiwa. Nimeambiwa nivae koti tu nisimame hapa."

"Na bwawa?"

Ufunguo ukawa haupo. Akatafutwa mlinzi, mlinzi akasema uko kwa fundi, fundi yuko msibani. Jaji akasema atasubiri, akaketi kwenye mkeka mpya na viatu vyake. Ndipo ufunguo ukapatikana mfukoni mwa Gqirhana mwenyewe.

Mlango ulipofunguka, nilirudi nyuma. Bwawa lilikuwa kavu, limejaa magodoro yaliyooza na mashuka ya wodi ya wazazi, damu imekauka nyeusi, juu yake njiwa waliokufa na mavi ya panya. Inzi walipanda kama vumbi. Jaji alifunika pua kwa leso, akasimama pale muda mrefu kuliko sisi sote. MaTolo akampita Gqirhana akiwa amembeba mwanawe, akamwambia kwa upole, "Hapa ndipo ungemwogesha, baba?"

Hukumu ilisema walipe pesa, ziwekwe katika mfuko wa amana kwa ajili ya matunzo ya Khwezi. Miaka, jaji aliichukua ya daktari wetu. MaTolo hakushangilia. Akaniambia, "Wamenipa ile bei. Sasa nimeijua."

Habari zikafika Rustenburg kabla sisi hatujafika nyumbani. Mzoli akaja na suti na wajomba zake wawili, anamwita Khwezi "damu yangu".

"Damu yako?" MaTolo akasema. "Mbadilishe nepi basi, imejaa. Nepi hiyo hapo, maji hayo hapo."

Mzoli alifungua ile nepi, akageuza uso, akaenda kusimama nje apate hewa. Wajomba wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyerudi kuaga.

Nesi mnene yuko kazini mpaka leo. Gqirhana amepandishwa, yuko ofisi za jimbo, anasimamia ubora wa huduma; sitanii. Khwezi ana kiti kinachomtosha, na mtaalamu wa kweli anakuja nyumbani. Ameweza kushika kijiko. Anapeleka uji nusu kinywani, nusu sikioni, na ukimsaidia anakasirika.

MaTolo bado anachoma vichwa, ila siku za kesi hayupo stendi. Wamama wengine wenye watoto kama wake humwomba awasindikize mahakamani. Hajui sheria na hawashauri kitu. Anakaa nao kwenye benchi, na madaktari wakianza kuhesabu miaka, anamshika mama mkono, anamtoa nje, anampa maji ya kusukutua.