Mirija Chini ya Kilima cha Mbuya

Mume wangu alikuwa akifunga mabehewa ya treni kwenye meli ya ziwani pale Port Bell. Asubuhi moja watu wa usalama walimchukua akiwa kazini, wakamtia kwenye buti la gari, na mwili haukuonekana. Bila mwili hakuna kaburi, na bila kaburi majirani zangu wa Kasubi hawakujua kama waje kunipa pole au wakae mbali. Wengi walikaa mbali. Mimi nikabaki na waragi, ile pombe kali ya kienyeji inayochoma koo. Nilikunywa hadi mikono ikawa inatetemeka asubuhi kabla sijanawa uso. Mama mkwe akaleta ujumbe: anakuja, na akinikuta nimelewa atamchukua binti yangu ampeleke kijijini.

Sokoni palikuwa na mama mmoja Mkongo aliyeuza vitenge. Aliniona nikishindwa kufunga fundo la leso.

"Mama, uko unakunywa sana," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Mikono yako. Jumamosi mchana njoo Mbuya, kwa mjane wa polisi. Tuko tunakaa pamoja, sisi wenye kuacha pombe."

"Nyinyi kina nani?"

"Njoo tu. Hakuna mutu atakuuliza jina."

Hilo ndilo lililonitisha. Siku zile za utawala wa wanajeshi, mtu asiyekuuliza jina huenda alikuwa nalo tayari. Mimi nilishakwenda bandarini kuuliza habari za mume wangu, na nilijua waliouliza walikuwa wakifuatwa. Tena Mbuya, kilima cha wanajeshi! Nilijiuliza nani kamtuma mama yule. Lakini mama mkwe alikuwa njiani, na peke yangu nilishajaribu kuacha nikashindwa. Nikaenda.

Nyuma ya nyumba niliwakuta wanaume kwa wanawake wamekaa duara kwenye vigoda. Katikati kulikuwa na chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake mrefu mdomoni, na birika la maji moto ya kuongezea chunguni pembeni, kama desturi. Nikasimama palepale.

"Nimekuja kuacha," nikasema, "nanyi mnakunywa?"

Mjane, mwanamke mrefu wa kaskazini, akacheka. "Kaa, dada. Vuta kwanza, utatugombeza baadaye."

Nikavuta. Yalikuwa maji moto yenye mchaichai, bila sukari, maana sukari haikuonekana mjini.

"Watu wakikaa duara na chungu, askari anapita," akaniambia kwa sauti ya chini. "Wakikaa duara bila chungu, anauliza wanapanga nini."

Alikuwa amepaka machicha ya ulezi kwenye mdomo wa chungu ili kinuke kweli. Harufu ile ilinitesa. Mwanaume mmoja alikuwa amegeuza uso kabisa, akivuta kwa mrija aliopitisha juu ya bega, kwa kuwa hakuivumilia. Walizungumza kwa zamu, polepole, kila mmoja akieleza wiki yake ilivyokwenda, na mara kwa mara walicheka kwa makusudi, kwa kelele, kama walevi. Mzee mmoja aliyekuwa mpishi kazi yake ilikuwa kuimba ovyo kila sauti zinaposhuka.

"Imba, mzee!" mjane akamsukuma. "Tumekuwa kama kanisa!"

Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba nakunywa na kwamba nina binti. Habari za mume wangu sikuzitoa. Niliwatazama wote, nikitafuta nani anasikiliza kuliko wenzake.

Ndipo akaingia mwanajeshi, bunduki begani, hatua zake zimenyooka.

"Nyinyi nakunywa bila mimi?"

"Karibu, afande," mjane akasema. "Lakini imepoa."

"Lete mrija."

Kwenye malwa mgeni hanyimwi mrija, sembuse mwenye bunduki. Mama Mkongo akafuta wake kwa kitenge, akampa. Akainama, akavuta. Tuliona mashavu yakibonyea. Mzee akaacha kuimba. Mwanajeshi akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja, na aliponifikia mimi nikamfikiria binti yangu akiningoja nyumbani. Kisha akainama tena, akavuta kwa muda mrefu.

"Kali," akasema. "Kali sana hii."

Hakuna aliyecheka. Akarudisha mrija. "Jumamosi ingine iko?"

"Iko, afande," mjane akajibu.

Akaondoka akiyumba.

Alipopotea ndipo tukaanza kubishana. Mzee alisema atarudi na wenzake na lori. Mama Mkongo alisema yule naye ni mgonjwa kama sisi. Mimi nilikuwa upande wa mzee.

Katikati ya wiki mama mkwe akaja. Alininusa mdomo kama vile mimi ni mtoto, akala, akaondoka bila binti, akisema atarudi kuangalia. Jumamosi nikaenda tena Mbuya, si kwa ujasiri, bali kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nusu ya vigoda vilikuwa vitupu. Nikachagua kukaa mahali ninapoiona njia.

Mwanajeshi akaja amevaa shati la kawaida, na mrija wake mwenyewe mkononi. Akatafuta nafasi, nami nikasogeza kigoda changu. Sikumwamini siku ile, na mpaka leo sijui kama alikuwa akitupeleleza au akijitibu. Jioni nilirudi Kasubi nikiwa mzima, nikamenya matoke, nikampikia binti yangu.