Jambazi Aliyekula Bila Kukaribisha

Harufu ya iliki na mafuta ya nazi yaliyopata moto hunirudisha mtaa wa Ngamiani, uani kwa Shangazi Mwanaisha, likizo ile tuliyonogewa na tamthilia ya majambazi. Shangazi alikaanga vitumbua huku runinga ikimtazama kutoka sebuleni. Msaidizi wa jambazi mkuu alitoa macho na kufoka kila alipotokea. Debe tupu haliachi kuvuma. Askari mpelelezi alikuwa sare tu, hatukujua anapenda nini wala nani anamngoja nyumbani. Maiti zilipumua, nami nikazihesabu pumzi, maana tangu utotoni kosa dogo hunikosesha usingizi.

Kila Ijumaa baada ya alasiri sisi watoto tuliigiza tamthilia hiyo mbele ya kina mama wa uani. Mimi nilikuwa jambazi mkuu, binamu yangu Rehema msaliti. Mara ya kwanza nilifoka mpaka sauti ikakauka. Shangazi hakuinua hata kichwa. “We ni jambazi au muuza dagaa?” Kina mama wakacheka, na Rehema akaniambia nikiharibu tena, nafasi ile ni yake. Wiki nzima nilishinda mbele ya runinga. Ndipo nilipotazama marudio na kuona kilichomfanya jambazi yule atishe: hakutisha mtu. Alinawa, akala, msaliti amesimama mbele yake, asimwambie karibu. Kwetu hata mgomvi wako akikukuta unakula humwambia karibu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Ijumaa iliyofuata nilikaa mkekani, nikanawa, nikamega kitumbua. Rehema akaja, akasimama. Nikatafuna polepole. Ua mzima ukanyamaza. Rehema akasahau maneno yake, machozi yakamlenga.

“Mwambie karibu basi, mwanangu,” Shangazi akanisihi, upawa umesimama hewani.

Sikumwambia. Nikamega kingine.

Leo naigiza mbele ya kamera, na uigizaji sijausomea popote. Nikijitazama naona makosa matupu: shingo ngumu, kope zinazopepesa. Watu wakinisifu, nusu nawaamini. Nikitaka kipimo cha kweli hujiuliza kama kina mama wa ule ua wangenyamaza, kisha naikumbuka harufu iliyotanda jioni ile. Shangazi, ambaye hakuwahi kuunguza kitumbua hata kimoja, aliunguza kikaango kizima.