Shikamoo Niliyoiitikia

Mwanangu, umeniambia Jumatatu utakaa na wenzako kuwahoji watu wanaotaka kuhama fani na kuingia kwenye kazi zenu za kompyuta. Basi kabla hujaandika maswali yako, nisikilize. Iko siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, wala si ya kujivunia.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya Morogoro vilipokuwa vikiuzwa na kufungwa kimoja baada ya kingine, na mafundi wazima wakizagaa mjini na vyeti vya kazi ambazo hazipo tena. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Dar na cheti cha kompyuta, na kichwa kimenivimba kweli kweli. Ofisi yetu ilitaka fundi mmoja wa kompyuta. Usaili nikaachiwa mimi.

Akaingia Mzee Mkude, Mluguru wa Kinole, rika la baba yangu. Miaka kumi na minane alikuwa fundi umeme wa mitambo ya kufuma vitambaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniambia, "Shikamoo, mama."

Nami nikaitika. "Marahaba." Wala sikushtuka. Yaani mtu mzima kashushwa na shida mpaka anamwamkia binti, na binti anapokea!

Nikamsomea maswali kutoka kwenye daftari langu la chuo, kwa Kiingereza, yale yale niliyowauliza vijana waliotoka darasani mwezi uliopita. Nilijiona natenda haki kwa sababu maswali yalikuwa sawa kwa wote. La kwanza likamshinda. La pili likamshinda. Jasho likamtoka.

"Mama," akasema, "hayo maneno siyajui. Lakini ile printa pale pembeni naona imekufa. Nipe bisibisi niifungue, unitazame. Nina watoto wanne, na hii ni ofisi ya tatu naomba kazi."

"Hiyo haimo kwenye maswali," nikamjibu. Kisha nikamwuliza, kwa dharau, kwa nini miaka yote hiyo hakujifunza kompyuta. Angejifunzia wapi? Kiwanda kizima hakikuwa nayo hata moja.

Nikamchukua kijana aliyejibu yote. Printa haikupona, ilikaa pale pale mpaka ikatupwa.

Mwaka uliofuata nilipanda Mgeta msibani. Kwenye kijia nikakutana na wapagazi wanateremsha magunia ya kabichi kuyapeleka kwenye lori, na Mzee Mkude yumo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekatika vidole vitatu; mwenzake aliniambia baadaye kuwa vilibanwa na mlango wa lori. Fundi yule! Nikapisha njia, nikasema, "Shikamoo, baba." Akanitazama, akanitambua, akaweka gunia vizuri begani, akapita. Hakuitika.

Kwa hiyo, mwanangu, anayehama fani usimpime kwa maneno ya darasa ambalo hakukaa. Mwulize, kwa lugha anayofanyia kazi, ni kitu gani kiliwahi kumsumbua na alifanyaje mpaka kikapona. Mpe kitu kibovu na zana, mpe muda, unyamaze utazame. Na vijana wa chuo nao uwape hicho hicho. Akikuzidi umri, simama umwamkie wewe kwanza. Hakuja peke yake, amekuja na njaa ya watu wa nyumbani kwake.

Mungu akupe macho ya kuiona mikono ya watu ingali mizima. Na kila utakapowaamkia wakubwa zako, wakuitikie.