Sahani ya Nzumari

Sogeeni hapa mkekani. Na wewe uliye mlangoni, ingia, na hiyo redio izime. Nataka kimya. Jambo hili nimewahi kulisema mara moja tu, na nililisema vibaya, kwa kujitetea. Leo nalisema lilivyokuwa.

Nilipokuwa mtoto, enzi za Mwingereza, mama alinipeleka mjini, mtaa wa Usagara, nikakae na mdogo wake, mama mdogo Mishi. Alikuwa na miaka sita ndani ya ndoa hajapata mtoto, ikaonekana niwe naye, nimchotee maji na nimchangamshie nyumba. Mumewe, baba mdogo Salehe, alikuwa karani bandarini, mtu wa shati jeupe na mafuta ya nywele. Kanzu aliivaa Ijumaa tu. Na alichokipenda kuliko vyote ni gramafoni yake.

Ilikuwa sanduku la mbao lenye mfuniko, lina meza yake peke yake, mbali na dirisha, kwa kuwa sahani za santuri zikipata jua hupindana kama chapati. Kila sahani ilikuwa na mfuko wake wa karatasi, na aliifuta kwa kitambaa cha hariri kwa kuizungukia, taratibu, kama anayempangusa mtoto mchanga. Sindano ya chuma aliitumia kwa uso mmoja tu wa sahani, akaitupa kikoponi, akatia nyingine. Mama mdogo alikuwa akiniambia huku anacheka, "Mimi nifutwe na nani kwa hariri, mwanangu? Mimi kazi yangu kuchambua mchele."

Kazi yangu ilikuwa kuzungusha ule mkono wa kuitia gramafoni nguvu, na kuleta sahani. Herufi sikuzijua, sizijui hata leo, lakini sahani zile nilizijua zote kwa rangi ya karatasi ya katikati na kwa mikwaruzo yake. Wageni wakija baada ya alasiri, baba mdogo huniagiza, "Lete ya yule Mmisri." Naleta. "Lete ile ya udi, ya Unguja." Naleta. Nao husema, "Hodari! Mtoto huyu ana macho!" Kichwa kinanivimba.

Siku moja akaja na sahani mpya, karatasi yake kijani. Ilikuwa ngoma na nzumari, ya watu wa pwani yetu hii hii. Sijui nani aliwapeleka wakanaswa sauti. Nzumari ilipopanda tu, tukasikia kishindo nyuma ya pazia. Mama mdogo alikuwa ameanguka na sinia la kahawa.

Hapa niwaeleze. Mama mdogo alikuwa na pepo wa kurithi, kamtoa kwa mamake, bibi yangu wa Pangani. Kila pepo ana wimbo wake, akiusikia hupanda. Lakini kumpandisha ndiyo kazi ndogo. Kule Pangani akishapanda, yuko fundi wa kuzungumza naye: wataka nini, bwana mkubwa? Atasema marashi. Atasema halua. Atadai na vitu vya watu, na fundi atabishana naye kwa adabu mpaka akubali kidogo kinachopatikana. Kisha hupigiwa wimbo wa kuagwa, akashuka, na mtu akaamka na uso wake mwenyewe.

Sasa siku ile fundi yuko wapi? Mama mdogo akakaa kitako sakafuni, kanga imemtoka kichwani, akasema kwa sauti nzito ya kiume, "Kahawa yangu iko wapi?"

Wageni wakaligeukia pazia. Kisha mmoja wao, Bakari, mtu wa mizaha, akasema, "Yakhe Salehe, kumbe gramafoni unazo mbili! Moja mezani, moja nyuma ya pazia!"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Baba mdogo aliinama kwanza. Halafu naye akacheka.

Basi ukawa mchezo. Kila wakija, "Salehe, tuonyeshe." Na pazia baba mdogo alilivuta mwenyewe, wapate kuona vizuri, mwanamke ambaye hakutoka nje ila na buibui lake, leo yuko chini kichwa wazi mbele ya wanaume. Kesho yake mwili wote unamuuma.

"Bwana, nakuomba, ile usiipige."

"Mishi, hayo mambo ya washamba. Ukijizuia hutaanguka."

"Sijiwezi."

"Basi kaa jikoni."

Kana kwamba jikoni sauti haifiki.

Bibi alipopata habari akaja kutoka Pangani. Baba mdogo akamwamkia shikamoo vizuri, akamwekea kiti. Bibi hakukaa. Akasema, "Mashine yako yajua kumwita. Kumuaga yajua?"

"Mama, ni mchezo tu."

"Haya, chezeni. Siku moja atadai kitu, na hapatakuwa na mtu humu wa kumwambia hapana."

Mwaka uleule mama mdogo akashika mimba. Siwezi kuwasimulia furaha ile. Alitembea na mkono tumboni kama aliyebeba maji ya kujaa. Mimba ilipofika miezi mitano akaniita jikoni. "Mwanangu, ile ya karatasi kijani nifichie. Itie ndani ya pipa la mchele. Akikuuliza, hujui. Nikianguka sasa, hili litatoka." Nikaapa. Nikaificha.

Jumapili wakaja wageni watano, mmoja ni mtu wa Mombasa aliyekuwa na gramafoni kubwa kuliko yetu, na alihakikisha kila mtu amelijua hilo. Baba mdogo akaudhika. "Ile ya nzumari iko wapi?"

Nikasema haionekani.

Bakari akaguna. "Mtoto wetu wa macho kazeeka. Macho yameshaingia ukungu."

Wakanicheka. Ni hilo tu, wajukuu zangu. Hapana aliyeninyanyulia mkono. Nilikwenda pipani, nikaitoa, nikaipangusa vumbi la mchele, nikaileta, na mkono wa gramafoni nikauzungusha mimi.

"Hodari!" wakasema.

Mama mdogo alikuwa amekaa nyuma ya pazia raha mustarehe, na ukili wake wa mkeka mkononi, kwa kuwa aliniamini. Nzumari ilipolia hakuitazama gramafoni. Alinitazama mimi, kwenye upenyo wa pazia. Kisha akaenda chini kwa ubavu.

Pazia likavutwa. Bakari akachutama mbele yake. "Shikamoo, bwana mkubwa. Tumbo hilo limekua. Mwana wa nani huyo?"

Ile sauti nzito ikajibu, "Wangu."

Hata mimi mtoto nilijua kwamba pepo husema hivyo. Hudai mtoto kama anavyodai halua. Fundi humwambia, mwana ana babake, bwana mkubwa, wewe pokea marashi; naye huachia. Lakini sahani ilikuwa imekwisha, sindano inakwaruza kr, kr, kr, na watu watano wanamkodolea macho baba mdogo.

"Amesema wa nani?" akauliza yule wa Mombasa.

"Wa mpangaji!" akasema Bakari. "Salehe ana mpangaji humu ndani, wala hana habari!"

Mtu aliyesema pepo ni mambo ya washamba alimwamini pepo neno moja tu, na ni hilo. Alingoja wageni watoke, akafunika gramafoni, akasema, "Mishi, nimekuacha. Kamwambie mamako amtafute baba wa mtoto." Hata eda hakumruhusu kukaa nyumbani mwake.

Mama mdogo ndiyo kwanza anaamka. "Nimesema nini?" akaniuliza. "Mwanangu, nimesema nini?"

Nikasema sijui.

Kule Pangani walimpigia ngoma siku tatu. Pepo hakujibu, wala hakuondoka. Tangu hapo hakungoja tena wimbo wake. Hata bua la mpapai likipulizwa kama filimbi, mama mdogo yuko chini. Watoto wa mtaani wakalijua hilo. Wakikosa mchezo, walikata mabua wakaja kupuliza chini ya dirisha lake. Mtoto alizaliwa mzima, Athumani, paji la Salehe, masikio ya Salehe. Barua ikapelekwa Usagara, haikujibiwa.

Watu husema pepo ndiye aliyevunja nyumba ile, nami kwa miaka mingi niliwaacha waseme. Pepo alisema alilozoea kusema. Salehe aliogopa kuchekwa na wenzake. Nami niliogopa hilohilo, kwa jambo dogo zaidi. Mama mdogo hakunilaumu hata siku moja. Nikienda Pangani alinisuka nywele, akanipa chakula. Ila hakunituma tena kitu cha siri.

Alipofariki, kanga zake tuligawana wanawake. Pepo akamwendea Mwanaisha, binti wa Athumani. Salehe alikuwa ameoa tena, na alipokufa, nyumba ya Usagara waliipata watoto wa mke wa pili, gramafoni na sahani zake akachukua mkubwa wao. Athumani alikuja mazikoni, akasimama safu ya nyuma. Kila aliyegeuka aliliona kwake paji la marehemu, akageuza uso. Jioni akarudi Pangani, hakupewa hata kofia.