Kitovu Kilichozikwa Njiani

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa wadogo zangu mgongoni, nilijua kitovu cha kila mmoja wetu kilizikwa wapi. Changu kilikuwa shinani mwa mgomba nyuma ya jiko. Cha mdogo wangu Sekela, mama alikizika ukingoni mwa njia ya kwenda kwenye kahawa, maana mvua ilikuwa inanyesha na yeye bado ana maumivu ya uzazi. Bibi mzaa baba alipojua akamwambia, "Umemzika penye miguu ya watu. Huyu hatatulia."

Na kweli hakutulia. Nasema kweli, sitaki kumsingizia marehemu bibi.

Kijiji chetu kiko upande wa Hasamba. Sekela alianza shule miaka ya tisini, mimi nikiwa madarasa ya juu. Hakukaa. Anainuka, anakwenda dirishani, anarudi, kalamu imeshapotea, daftari kalisahau kisimani. Akiulizwa swali anajibu kabla halijaisha, na mara nyingi anapatia. Lakini mpe hesabu za ubaoni, ataandika ya kwanza na nusu ya pili, basi. Wenzake walimtania, "Sekela, kaa chini, basi la Tunduma limeshakuacha." Yeye alicheka nao.

Mwalimu mkuu hakucheka. Alimchapa kwa kuinuka, akamchapa kwa kupoteza kalamu. Siku moja nilipita nje ya darasa lao nikamwona amefungwa kiuno kwenye dawati kwa kamba ya katani, kama mbuzi. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamuuliza kwa nini hakai tu akazimaliza hesabu zake. Akasema, "Dada, miguu inaniwasha kwa ndani."

Nyumbani tulikuwa watu wa kanisa. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hata hivyo, bibi alipoamua kumtengeneza mjukuu wake, baba alikwenda shamba mapema ili asione. Bibi akachimba udongo pale njiani, akauzika chini ya jiwe la kusagia, maana hilo halihami. Akamkalisha Sekela juu yake. Mama alisimama mlangoni, ameinamisha kichwa kama mshitakiwa.

Shule zilipofunguliwa, darasa la Sekela lilipata mwalimu mpya, Mwalimu Agnes, mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Huyu hakumfunga mtu. Alimhamishia Sekela mbele, mbali na dirisha. Alimwandikia hesabu mbili tu na kumwambia, "Ukimaliza niletee, nikupe nyingine." Akimwona anaanza kuhangaika, hakumwita kwa ukali. Alimgusa bega, au alimtuma kufuta ubao, kugawa madaftari, kugonga ile rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu. Sekela aligonga kengele ile kama anaamsha mkoa mzima, kisha akarudi na kukaa. Nilimwona kwa macho yangu anakaa.

Mtihani uliofuata alitoka mkiani akafika katikati. Mwalimu Agnes alikuja mwenyewe nyumbani kumpongeza. Baba akafurahi, akakamata kuku. Kuku yule akampelekea bibi.

Mwalimu alijaribu kueleza. "Bibi, mtoto huyu ana akili. Kutulia ndiko kunamshinda, hata mwenyewe hapendi. Anahitaji kazi fupi fupi, na aruhusiwe kuinuka kidogo."

Bibi akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe umefika juzi. Hii kazi nimeifanya mimi."

Tukacheka. Hata mama alicheka, na nadhani alikuwa anashukuru kwamba kosa lake limefutwa.

Mwaka uliofuata Mwalimu Agnes alihamishwa. Kabla hajaondoka alimweleza mwalimu mkuu jinsi alivyokuwa anamsaidia Sekela. Nilikuwa napanga vitabu ofisini, nikasikia kila neno. Mwalimu mkuu, mtu wa chuo, akajibu, "Usihangaike, huyo kwao walishamtengeneza."

Basi. Sekela akarudishwa nyuma, dirishani. Kalamu zikapotea, fimbo zikarudi. Nyumbani hakuna aliyesema kwamba mwalimu ameondoka. Walisema udongo umehama. Na nani alikuwa anasagia kwenye jiwe lile kila siku? Mama. Bibi akamwambia mbele yetu, "Umeugusa. Hutaki mtoto wangu asome." Mama aliapa kwa jina la Mungu na hakuaminiwa. Ukoo ukakaa, wakakubaliana Sekela aache shule, apelekwe Tunduma kwa shangazi akasaidie kuuza vitenge kwa Wazambia. Hakufika hata darasa la sita. Siku anaondoka aliniuliza kama huko atamkuta Mwalimu Agnes.

Sasa nimekuwa mtu mzima, nafundisha watoto shule ya Jumapili. Tulipokwenda semina Vwawa, daktari mmoja alitueleza kwamba wapo watoto wanaozaliwa na ubongo wa namna hiyo, usioshika jambo moja kwa muda mrefu, na kwamba siyo utundu wala malezi mabaya. Akataja namna ya kuwasaidia. Alikuwa anayataja yale yale ya Mwalimu Agnes. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje kwa hasira, nikakaa kwenye ngazi.

Bibi simlaumu sana. Alipewa ujuzi huo na mama yake, akautumia kwa upendo. Lakini yule mwalimu mkuu aliambiwa, tena ofisini kwake, kwa Kiswahili chepesi. Aliona mtoto amekaa, akaambiwa kilichomkalisha, akachagua udongo kwa sababu udongo haukumwongezea kazi. Na baba yangu alichagua kuku aende upande ule ule.

Tulipomzika mama, Sekela alisimama karibu na mimi. Hakulia. Akaninong'oneza, "Angekizika vizuri, leo ningekuwa mwalimu."

Nilimweleza yote niliyoyasikia semina, siku ile na siku nyingine nyingi. Ananisikiliza kidogo, anainuka, anakwenda kuangalia biashara yake. Hajaniamini.

Mchungaji ananishauri nisamehe, na nakiri ni dhambi kubeba kitu hiki miaka yote. Kanisani tunaposali sala aliyotufundisha Bwana, watu wote kwa sauti moja, nikifika penye kusamehe midomo yangu inajifunga. Namwambia Mungu moyoni, "Hasira yangu unaiona." Kisha naendelea na wenzangu kuanzia mbele kidogo ya hapo.