Kilo Tisa za Nyevu

Nyevu wa mtaa wa Tudor, Mombasa, alikuwa msusi wa kutafutwa, mpaka baridi yabisi ilipomshika vidole. Vikafura, vikakataa kukunjika. Hata kifungo kikamshinda. Mumewe, Kingi, kuli wa bandarini Kilindini, ndiye aliyekuwa akimfunga sidiria kila alfajiri huku akinung'unika kwamba kontena ni rahisi zaidi.

Dawa zikamrudishia vidole. Zikamwongezea na kilo tisa. Uso ukawa mviringo, tumbo likatangulia mbele. Daktari alishamweleza: vile vidonge vya asubuhi ndivyo vinavyoleta njaa na kufura, atampunguzia polepole, asiache mwenyewe. Na kile cha mara moja kwa wiki, asishike mimba maadamu anakimeza.

Shida ilikuwa mtaa.

"Hongera, mama!" Rosebella wa mlango wa pili alimpigia kelele ngazini. "Miaka sita ya ndoa, Mungu amejibu!"

Nyevu akacheka tu. Kufikia Jumapili habari zilikuwa zishafika Kaloleni kwa mamake Kingi, naye akatuma neno: Ijumaa yuaja.

Siku hiyo hiyo Nyevu akaacha vidonge vyote. Alitaka tumbo lishuke kabla mama hajaliona. Tumbo halikushuka. Ijumaa asubuhi vidole vilikakamaa katikati ya kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu timutimu. Mteja akaondoka na kitambaa kichwani.

Alasiri mama akaingia na furushi la unga wa uji na udongo wa kutafuna, ule wa waja wazito. Akamkuta mkazamwanawe kitandani, mikono kifuani.

"Haya, tafuna, mwanangu. Mimi na mimba ya Kingi nilikula ukuta mzima."

Nyevu akaangua kilio. Akamweleza yote: ugonjwa, kilo, na vile vidonge alivyovificha chini ya godoro.

Mama akaurudisha ule udongo ndani ya furushi, akalifunga fundo taratibu, na Nyevu akaona jambo hilo lilivyomuuma. Kisha akaishika ile mikono, mmoja mmoja, kama mtu ashikaye mayai.

"Kwa hivyo ulitaka kuiua mikono hii kwa ajili yangu?"

"Naliogopa, mama."

"Kwani mimi simba? Hebu mpigie daktari sasa hivi."

Daktari akamkaripia kidogo, akamwambia ameze vile vya asubuhi saa hiyo hiyo, na kesho aende akaonekane.

Asubuhi yake walipotoka, Rosebella alikuwa mlangoni, meno yote nje. "Shikamoo mama! Mjukuu lini?"

"Marahaba. Hana mimba. Amenenepa kwa dawa, na dawa hizo ndizo zinazompa mikono ya kukusuka wewe. Una la kuongeza?"

Mama akamshika Nyevu kiwiko, wakashuka ngazi polepole kwenda kliniki.